Gari Linang'aa, Lakini Rangi Imebaki Kiasi Gani?

Leo naomba tuongee kuhusu rangi ya gari. Najua wapo wadau watakaosema mwandishi amekosa la kuandika, wakati siasa zimejaa tele. Subirini kwanza. Ndani ya habari hii kuna baruti, kuna kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani, kuna tajiri aliyepanda ndege mpaka Brazil kufuata mti, na kuna fedha zako wewe unayejinyima ili ununue gari la mtumba kutoka Japani.

Fanya jaribio moja dogo. Saa saba mchana, jua likiwa la utosi, simama karibu na gari jeusi ambalo limetoka kuoshwa. Tazama pale jua linapojiakisi kwenye boneti. Utaona vistari vyembamba vimelizunguka lile doa la mwanga, vimejipanga duara kama utando wa buibui. Sogea hatua mbili. Utando nao unasogea, unakufuata. Hapo ndipo utakapogundua kwamba haukuchorwa mahali pamoja. Boneti zima limejaa mikwaruzo midogo iliyokwenda kila upande, na kila unaposimama jua linakuonyesha ile tu iliyokaa sawa na mwanga. Mingine ipo palepale, imejificha. Ndiyo maana mtu akikuonyesha gari jioni au chini ya kivuli, unaliona jipya.

Mikwaruzo hiyo inatoka wapi? Mara nyingi sana inatoka kwa mtu anayekupenda, au kwa kijana uliyemlipa. Vumbi letu lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko rangi. Chukua ndoo moja ya maji, sponji moja, anza kwenye rimu zenye matope kisha panda mlangoni na kwenye boneti kwa maji yaleyale: hapo huoshi, unapiga msasa. Ukilifuta gari kavu kwa kitambaa asubuhi kabla ya kwenda kazini, ni yaleyale. Fanya hivyo kwa miaka 2 na utando unakamilika.

Sasa tukija kwenye dawa yake ndipo historia inapoanza kunoga, kwa sababu dawa ya mkwaruzo ni mkwaruzo.

Jambo hili si geni. Robert Hooke, Mwingereza aliyechapisha kitabu chake cha mambo ya hadubini mwaka 1665, alitazama vitu vilivyong'arishwa akaona kwamba ule ulaini tunaousifia kwa macho, chini ya lenzi ni matuta na mifereji. Isaac Newton naye, katika kitabu chake cha mwaka 1704 kuhusu mwanga, alieleza kwamba anayeng'arisha kioo kwa mchanga na unga wa mawe hakiondolei mikwaruzo yote. Anachofanya ni kuivunja ile mikubwa na kuweka midogo zaidi na zaidi, mpaka inakuwa midogo kiasi kwamba jicho haliioni. Kwa lugha ya gereji: hujafuta kitu, umebadilisha ukubwa wa mkwaruzo. Na kila unapoubadilisha, umekula kiasi fulani cha kile unachokisugua.

Nadhani wazee wetu walilijua hilo bila kumsoma Newton. Msasa, kabla haujawa karatasi ya dukani, ni mti wenye majani yanayokwaruza, na mafundi wa mbao waliyatumia majani hayo kulainisha kazi zao. Jina likahama kutoka kwenye jani kwenda kwenye karatasi. Kitendo hakikubadilika: unalainisha kwa kula.

Haya, turudi kwenye magari. Yale ya mwanzo kabisa, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, yalipakwa rangi kama mikokoteni ya matajiri iliyovutwa na farasi. Rangi ya mafuta ya kitani ilipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na juu yake vanishi. Kila tabaka lilisubiriwa likauke, likasuguliwa kwa maji na jiwe jepesi lenye vitundu (kama lile tunalosugulia visigino), kisha likapakwa lingine. Gari moja lingeweza kukaa wiki kadhaa kwenye rangi peke yake. Baada ya shida yote hiyo vanishi iligeuka manjano juani na kupasuka, na mwenye gari akarudi kwa mchoraji.

Henry Ford alilikwepa tatizo hilo kwa rangi nyeusi. Watu wengi wanaamini Model T ilikuwa nyeusi tangu siku ya kwanza. Hapana. Ilianza mwaka 1908 ikiwa na rangi mbalimbali, weusi ukatawala kuanzia 1914 hadi 1925, kisha rangi nyingine zikarudi mwaka 1926. Rangi ile nyeusi ilikuwa rahisi, ilivumilia, na vipande vingi vilichovywa na kukaushwa kwa joto kiwandani. Kiwanda kilichokuwa kinatoa gari kila baada ya muda mfupi kisingeweza kusubiri vanishi ikauke kwa wiki.

Aliyelivunja fundo hilo ni kampuni ya baruti. DuPont ilianzishwa mwaka 1802 kutengeneza baruti, na Vita Kuu ya Kwanza iliitajirisha sana. Baruti isiyotoa moshi inatokana na nitroselulosi, yaani pamba iliyopitishwa kwenye asidi. Vita ilipokwisha mwaka 1918 kampuni ikabaki na viwanda, na wakemia, na ujuzi mwingi wa kitu ambacho hakikuwa na mnunuzi kama zamani. Mwaka 1920, katika kiwanda chao cha Parlin, New Jersey, wakagundua namna ya kutengeneza laka ya nitroselulosi iliyo nyepesi ya kutosha kupulizwa, huku ikibeba rangi nyingi ndani yake. Wakaiita Duco. General Motors, kupitia maabara iliyoongozwa na Charles Kettering, wakaifanyia kazi pamoja nao, na mwaka 1923 likatoka gari la Oakland la modeli ya 1924 likiwa na rangi ya buluu iliyopulizwa. Kazi ya wiki ikawa ya saa.

Kuna hadithi inayosimuliwa kuhusu Kettering, na naiandika kama hadithi. Inasemekana alimwalika chakula cha mchana mtu wa biashara ya rangi aliyekuwa anashikilia kwamba haiwezekani kupaka gari kwa muda mfupi. Walipomaliza kula, mgeni akatoka nje, akalitafuta gari lake asilione. Lilikuwa palepale mbele yake, limeshapakwa rangi nyingine.

Rangi ikaleta siasa ya biashara. Ghafla gari likawa kama nguo: unaweza kulibadilishia sura kila mwaka. Mwaka 1927 General Motors ikaunda idara maalumu ya sanaa na rangi chini ya Harley Earl, na mwaka huohuo Ford akaizika Model T. Lakini kuna kitu kingine kilichokuwa kinaendelea kimyakimya. Kati ya 1917 na 1919 DuPont ilikuwa imejinunulia hisa nyingi za General Motors, kama asilimia 23. Yaani muuza rangi alikuwa na kiti kwenye meza ya mnunuzi wa rangi. Serikali ya Marekani ilifungua kesi mwaka 1949, na mwaka 1957 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba hisa zile zilivunja sheria ya ushindani. Katika hukumu ile rangi imetajwa waziwazi: mwaka 1946 DuPont iliipatia General Motors asilimia 67 ya mahitaji yake ya rangi na vanishi, na mwaka 1947 asilimia 68. Mwaka 1961 mahakama ikaamuru hisa zote ziuzwe. Mimi kama mwandishi naipenda kesi hii. Ukitaka kujua nani ni rafiki ya nani, wakati mwingine usitazame hotuba, tazama nani anauza rangi.

Na wale waliokuwa wanasugua? Historia za makampuni huwapitia haraka. Rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na msasa mkavu ulitoa vumbi lililovutwa kwa pua siku nzima, mwaka mzima. Francis Okie, mtengenezaji wa wino huko Philadelphia, alibuni msasa unaovumilia maji. Kampuni ya 3M iliununua ubunifu huo na kuanza kuuza msasa wa maji mwaka 1921. Vumbi likageuka tope, likatiririka sakafuni badala ya kuingia mapafuni. Ule msasa mweusi ambao fundi wa rangi wa mtaani kwenu anauchovya kwenye kopo la maji, huo ndio ukoo wake. Kampuni hiyohiyo ilitoa selotepu ya karatasi ya kuzuia rangi mwaka 1925, baada ya kijana wao Richard Drew kuwaona mafundi wa magari wakihangaika kupaka magari ya rangi mbili huko St. Paul. Tutaihitaji selotepu hiyo huko chini.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye kiini. Duco ilipotoka kwenye mashine ya kupulizia haikuwa inang'aa. Ilikuwa imefifia, na mng'ao wake uliletwa kwa kusuguliwa na unga laini wa mawe. Kusugua ilikuwa sehemu ya kutengeneza gari. Kwa kuwa laka ilipulizwa tabaka nyingi na rangi yenyewe ilienda mpaka chini, mwenye gari naye aliweza kufanya vilevile nyumbani: jua likiipausha, unasugua ule upaukaji, chini yake unakuta rangi mbichi. Kitambaa kilitoka na rangi ya gari, chekundu kwa gari jekundu, na hakuna aliyeshtuka. Kizazi baada ya kizazi kikajifunza kwamba gari linalopauka dawa yake ni kusugua kwa nguvu.

Wafanyabiashara wakaliona soko. Meguiar's walikuwepo tangu 1901, walianza na polishi ya samani. Simoniz ilijulikana kiasi kwamba jina lake likawa kitenzi katika kamusi za Kiingereza. Mjini Chicago, katika miaka ya 1940, Ben Hirsch, aliyeanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Turtle Wax, alikuwa na mbinu ambayo wamachinga wetu wangeipigia makofi: anakuta gari limeegeshwa, anang'arisha madigadi moja tu, kisha anamsubiri mwenyewe arudi. Ukishaona madigadi moja linameremeta na mengine yamefubaa, utafanyaje?

Nta yenyewe, ile ngumu yenye sifa, inatoka kwenye mnazi mwitu uitwao karnauba unaoota kaskazini mashariki mwa Brazil. Mti unajikinga na ukame kwa kufunika majani yake na nta. Watu wanayakata, wanayaanika, wanayapiga mpaka unga unadondoka. Mwaka 1935 H. F. Johnson, mwenye kampuni ya nta ya Johnson ya Racine, Wisconsin, alipanda ndege inayotua majini akaenda mpaka huko kuona kama miti hiyo itatosha biashara yake. Jamani, ndege, mwaka 1935, kwa ajili ya nta!

Hapo naomba tutenganishe mambo mawili, maana Kiswahili chetu cha mjini kimeyafunga pamoja. Tunasema "kupiga polishi" kwa kila kitu kinacholeta mng'ao. Nta inaongeza: inakaa juu, inajaza vijifereji kidogo, inafukuza maji, na baada ya wiki au miezi inaondoka. Polishi yenye chembe za kusugulia inaondoa, na ilichoondoa hakirudi. Vijana wa gereji wana neno zuri kwa ile kali zaidi, wanaiita rabingi. Dawa ya meno nayo ni rabingi hafifu, ndiyo maana watu wanaapa kwamba imewaondolea mkwaruzo mlangoni. Ni kweli imeondoa. Swali ni imeondoa pamoja na nini.

Kwa sababu gari lako si la laka. Kuanzia miaka ya 1970 kule Ulaya kwa rangi za metaliki, kisha kwa kasi katika miaka ya 1980 na 1990 dunia nzima, viwanda vilihamia kwenye mfumo wa tabaka mbili. Chini kuna rangi, nyembamba na isiyong'aa. Juu yake kuna tabaka lisilo na rangi kabisa, ambalo mafundi huliita klia. Klia ndiyo inayobeba mng'ao wote, na ndiyo yenye kemikali za kuikinga rangi na jua. Inatoka kiwandani ikiwa tayari inang'aa kama kioo. Hakuna haja ya kusugua.

Na ni nyembamba. Unywele wa mtu una unene wa kama mikroni 70 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Rangi yote ya gari la kisasa, kutoka kwenye bati mpaka juu, mara nyingi ni kati ya mikroni 100 na 150. Klia peke yake ni kama 35 hadi 50. Yaani ule mng'ao wote unaoringia una unene usiofikia unywele mmoja. Kung'arisha kwepesi kunaondoa kama mikroni 1 au chini yake. Rabingi kali kwa mashine inaondoa mikroni kadhaa, na msasa zaidi ya hapo. Piga hesabu mwenyewe kwa gari lililong'arishwa kabla ya mnada Japani, likang'arishwa tena yadi ya Dar es Salaam au Mombasa, kisha mmiliki wa kwanza akalipeleka kwa fundi kila Krismasi. Klia ikishakuwa nyembamba mno, jua letu linamalizia kazi. Umeshayaona magari yale ambayo paa na boneti vimebabuka mabaka meupe kama ngozi iliyoungua. Hapo hakuna polishi wala nta itakayosaidia. Ni kupaka upya.

Kwa hiyo ubaya haukuwa kwenye kusugua. Ujuzi wa kusugua ulizaliwa kwenye rangi nene, ukarithiwa na watu wenye rangi nyembamba bila yeyote kuwaambia kwamba vitu vimebadilika. Mashine zilizidisha. Ile ya zamani inayozunguka duara moja kwa kasi, mikononi mwa fundi mzoefu ni kifaa kizuri mno, ila ukiikalisha sekunde chache kwenye kona inachoma klia mpaka kwenye rangi. Tena pedi yake ikiwa mbaya au chafu inaacha mawimbi yake yenyewe, unatoka na utando mwingine badala ya ule uliokwenda kuuondoa. Zilizofuata, zinazozunguka huku zikiyumba, hazijengi joto sehemu moja kwa urahisi hivyo. Kwa anayejifunza, hiyo ndiyo ya kushika.

Viwanda navyo vilijaribu kulitatua kutoka upande wao. Mercedes-Benz ilianza kutumia klia yenye chembe ndogo mno za kauri mwaka 2003. Nissan mwaka 2005 ikatangaza klia yenye utomvu unaonyumbuka: mkwaruzo mdogo unajifunga wenyewe kwa muda wa siku moja mpaka wiki, kutegemea joto. (Kwa jua la Dar, nadhani ingejifunga kabla ya chai ya saa nne.) Lakini zote mbili zinasaidia mkwaruzo mdogo tu, na klia haijawa nene kwa sababu hiyo.

Basi unafanyaje ukiwa na utando kwenye gari lako na hutaki kulimaliza? Wanaoijua kazi hii wanakwenda taratibu kiasi cha kuchosha kuwatazama. Gari linaoshwa vizuri kwanza, ndoo 2, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia glavu, na rimu zina kitambaa chake. Kisha linapitishwa udongo maalumu wa kunasia uchafu ulioganda, ubunifu wa Kijapani ambao Tadao Kadate aliupatia hataza ya Marekani katika miaka ya 1990. Udongo huo unatelezeshwa juu ya maji ya kulainisha na unanasa vumbi la chuma na utomvu ambavyo sabuni imeshindwa. Ukiruka hatua hiyo, uchafu uleule unaingia kwenye pedi yako na kuchora upya.

Halafu wanapima. Kuna kidude cha kupimia unene wa rangi kwenye bati, na fundi makini anapita nacho gari zima. Kinasoma unene wote kwa pamoja, hakikuambii klia ni ngapi, ila kinasema mengi: mlango mmoja ukisoma 300 wakati mingine ni 120, huo ulishapakwa upya. Sehemu ikisoma 80, waiache. Kwa mkwaruzo mmoja mmoja, tumia ukucha wako. Pitisha taratibu, ukucha ukikwama, mkwaruzo umekwenda ndani mno, na kuufuata mpaka chini ni kuimaliza klia inayouzunguka. Unaweza kuulainisha kingo usionekane sana, ukaishia hapo. Na ukisugua mahali pa siri kwa polishi kidogo, kitambaa kikatoka na rangi ya gari, ujue gari hilo halina klia au klia imekwisha. Baadhi ya magari ya zamani na ya kazi yalitoka kiwandani hivyo.

Kisha selotepu ya bwana Drew inabandikwa kwenye kona, kwenye mistari iliyoinuka na kwenye plastiki nyeusi, kwa sababu kwenye kona rangi ni nyembamba na pedi inakandamiza zaidi. Gari linakuwa kivulini, bati limepoa. Anachukua kipande cha boneti kama ukubwa wa gazeti lililokunjwa, anaanza na polishi laini kuliko zote na pedi laini kuliko zote. Anatazama kwa taa. Imetosha? Basi gari zima ni hiyohiyo. Haijatosha? Ndipo anapanda daraja moja. Yule anayeanza na rabingi kali ili amalize mapema anakuuzia mikroni zako mwenyewe. Na fundi mwenye busara atakuambia kitu ambacho wateja wengi hawapendi kukisikia: asilimia 100 haina maana. Acha mikwaruzo michache mirefu ibaki, weka nta, na badilisha namna unavyoosha.

Hapo sasa tuje kwenye yadi. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo bila kuiondoa. Kwa gari la maonyesho au la harusi, hakuna ubaya, kwanza haziondoi kitu. Kwa gari linalouzwa ni kanzu safi juu ya kaptula chafu. Unalinunua Jumamosi linang'aa kama maji, unaliosha mara 3, utando wote umerudi, na muuzaji atakuambia ni vumbi la kwenu. Kwa hiyo ukienda kutazama gari, nenda mchana, lipeleke juani, na omba ruhusa ufute kipande kidogo kwa spiriti iliyochanganywa na maji na kitambaa laini. Mafuta yakitoka, utaona ukweli. Akikukatalia kabisa, nadhani umeshapata jibu.

Na kama klia imeshakwisha na ni lazima lipakwe upya, kuna mtu mmoja wa kumfikiria, yule anayepuliza. Klia ya siku hizi ya kuchanganya na kigumu chake ina kemikali ziitwazo isosianeti, ambazo zinajulikana kwa kusababisha pumu kwa wapuliza rangi. Mtu akishapata mzio nazo, hata kiasi kidogo sana kinaweza kumbana kifua. Kitambaa cha kufunga puani hakizizuii, na barakoa ya vumbi haizizuii. Kinachopendekezwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba. Nimepita gereji kadhaa za uswahilini nikitazama wanavyofanya kazi, na nilichokiona zaidi ni fulana iliyofungwa usoni. Kazi ya kulipaka upya gari zima, pale nilipouliza, ilihesabiwa kwa siku, na yule kijana wa fulana ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka chumbani.